Kura ya Micheweni, Mbolea ya Kilolo



Jioni hii nataka tuzungumze jambo ambalo vijiweni linasemwa kwa sauti, lakini likifika kwenye kipaza sauti watu wanameza mate. Je, ni haki mbunge aliyechaguliwa Micheweni, kule Pemba, apige kura Dodoma juu ya mbolea ya mkulima wa Kilolo, maji ya mtu wa Mbalizi na dawa za zahanati ya Busokelo, wakati mbunge wa Kilolo hana kura hata moja juu ya karafuu, maji au zahanati za Micheweni?

Tuifungue Katiba kwanza, maana wengi tunabishana imefungwa. Ibara ya 64 ya Katiba ya mwaka 1977 inalipa Bunge kazi mbili: kutunga sheria za mambo ya Muungano, na kutunga sheria za mambo mengine yote yanayoihusu Tanzania Bara. Mambo ya Zanzibar yasiyo ya Muungano yako kwa Baraza la Wawakilishi, ambalo lilianza mwaka 1980 na leo linakaa Chukwani. Muungano ulipozaliwa Aprili 1964 mambo yake yalikuwa 11. Leo orodha imefika 22: ulinzi, mambo ya nje, uraia, polisi, sarafu, elimu ya juu na mengineyo. Kilimo hakimo. Maji hayamo. Ardhi, afya, shule za msingi na sekondari, barabara za vijijini, hizo nazo hazimo. Hayo kila upande unajiamulia. Ila Zanzibar ina chombo chake cha kuamulia, na Bara haina. Bara inatumia Bunge la Muungano, na humo wamo wabunge wa pande zote mbili, wakipiga kura kwa kila kitu.

Katika uchaguzi wa mwaka 2025 majimbo ya ubunge yalikuwa 272, na 50 kati yake yako Zanzibar. Kwa sensa ya mwaka 2022 Zanzibar ilikuwa na watu 1,889,773. Mkoa wa Mbeya peke yake ulikuwa na watu 2,343,754, na Iringa 1,192,728. Mikoa yetu hii miwili ukiijumlisha ina watu zaidi ya milioni tatu na nusu, na majimbo yake ni 15: Mbeya 8, tangu Uyole ilipopewa jimbo lake, na Iringa 7. Kwa wastani, basi, jimbo la Zanzibar lina watu wasiofika 38,000. La Mbeya lina watu karibu 293,000.

Na hapo sijawagusa wale watano. Ibara ya 66 inaruhusu Baraza la Wawakilishi lichague wajumbe wake watano waje kuwa wabunge wa Jamhuri ya Muungano. Watu hawa wanakaa kwenye nyumba zote mbili. Wanapitisha bajeti ya kilimo ya Zanzibar kule Chukwani, kisha wanapanda ndege kuja Dodoma kupitisha bajeti ya kilimo ya Bara. Nimelifikiria jambo hili kwa muda mrefu, na kila nikilitazama naona hapo ndipo mpangilio wetu unapokosa jibu kabisa. Kwa jimbo la Micheweni mtu anaweza kusema mbunge yule amekuja kwa ajili ya ulinzi na sarafu, na haya mengine anayakuta njiani. Mjumbe wa Baraza anayeamua kilimo mara mbili, kwao na kwetu, anaamua cha kwetu kwa niaba ya nani?

Sasa twendeni Kilolo. Msimu ukikaribia, mkulima wa mahindi anakwenda kwa wakala wa pembejeo akiwa na simu mkononi, kwa sababu ndani ya simu ile ndimo ilimo namba yake ya ruzuku. Asipokuwa na namba, hapati bei ya ruzuku. Mfumo huu ulizinduliwa hapa hapa Mbeya, tarehe 8 Agosti 2022, siku ya Nane Nane, katika viwanja vya John Mwakangale. Mfuko wa DAP wa kilo 50 ulikuwa umevuka shilingi laki moja, na msimu ule ruzuku ikaushusha hadi shilingi 70,000. Aliyeko mbali na shamba hawezi kujua tofauti ile ilikuwa na maana gani. Ni mtu aliyekuwa apande eka moja akaweza kupanda mbili. Ni ada ya mtoto wa sekondari ya bweni.

Ruzuku ile ni fedha, na fedha ile inapita Bungeni. Kila mwaka kati ya Aprili na mwisho wa Juni, wakati wa Bunge la Bajeti, wizara zinaletwa moja moja. Zikifika kwenye uamuzi, anayekalia kiti anauliza: wanaoafiki waseme ndiyo, wasioafiki waseme siyo. Ukumbi unaitikia kwa pamoja. Anayekalia kiti anapima kwa sikio na kutamka upande ulioshinda. Bajeti kuu ya serikali ndiyo inayopigiwa kura kwa kuita majina, mmoja mmoja. Zile za wizara, ile ya kilimo ikiwemo, zinapita kwa sauti. Kwa hiyo mkulima wa Kilolo hawezi kamwe kujua ndiyo ile ilitoka kooni mwa nani. Hata yule wa Micheweni angekaa kimya kwa heshima, hakuna ambaye angejua.

Kuna watakaosema nazungumza hivi kwa kuwachukia Wazanzibari. Nalikataa hilo, na si kwa maneno yangu tu bali kwa historia ya nyanda hizi. Mwaka 1958, tukiwa bado chini ya Mwingereza, Marion Chesham aliingia Baraza la Kutunga Sheria akiungwa mkono na TANU. Mama huyu alikuwa mzaliwa wa Marekani, mjane wa Lord Chesham, mlowezi wa mkoa wa Iringa. Baada ya Uhuru alibaki, akawa raia, akaendelea kukaa bungeni. Rangi yake na mahali alipozaliwa havikuwazuia wazee wetu kumkubali. Na huyo John Mwakangale ambaye viwanja vya Nane Nane vinabeba jina lake, mbunge wa TANU, ndiye aliyempokea Nelson Mandela alipotua Mbeya Januari 1962 akitafuta msaada kwa wapigania uhuru wa Afrika Kusini. Watu wa huku hatujawahi kuwa watu wa kufunga milango.

Tena sisi ni watu wa mpakani, mipaka tunaijua. Mnyakyusa wa Kyela na Mngonde wa Karonga, ng'ambo ya mto Songwe, wanaelewana lugha, wanaoana, wanazikana. Lakini hakuna mtu wa Kyela anayedai kiti Lilongwe, wala wa Karonga anayedai kiti Dodoma, na undugu haujafa kwa hilo. Kwenye Bunge la Afrika Mashariki, kule Arusha, kila nchi mwanachama inatoa wabunge tisa wa kuchaguliwa. Mkenya, Mganda na Mtanzania wanakaa ukumbi mmoja na hakuna anayelalamika, kwa sababu Bunge lile linashughulika na mambo ya Jumuiya tu. Mganda hapangi bei ya mahindi ya Mbozi. Na Mzanzibari kwangu ni zaidi ya jirani, ni raia mwenzangu. Bunge la Muungano ni lake kama lilivyo langu. Anapozungumza juu ya jeshi, juu ya Benki Kuu, juu ya uraia, namsikiliza kama mwenye nyumba, kwa sababu ni mwenye nyumba.

Wengine watanikumbusha kwamba aliyezindua ruzuku ile ya mbolea pale Mwakangale ni Rais Samia Suluhu Hassan, mzaliwa wa Kizimkazi, ambaye mwaka 2010 alichaguliwa mbunge wa Makunduchi. Je, naye hakuwa na haki? Alikuwa nayo yote. Rais na makamu wake wanasimama mbele ya wapigakura wa nchi nzima, na karatasi ya kura ya urais iliyofika Pemba ndiyo iliyofika Kilolo. Mkulima asiporidhika, ana siku yake ya kusema. Kwa mbunge wa Micheweni hana siku hiyo. Hawezi kumwita kwenye mkutano wa kijiji, hawezi kumnyima kura, hawezi hata kumkuta njiani akamuuliza. Hoja yangu nzima imelala hapo.

Swali hili si geni, na waliolipeleka Bungeni kwa nguvu kuliko wote waliongozwa na mtu wa huku kwetu. Mwaka 1993, baada ya Zanzibar kujiunga na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu bila Muungano kushirikishwa, wabunge 55 walikuja na hoja ya kutaka iundwe Serikali ya Tanganyika ndani ya Muungano. Kiongozi wao alikuwa Njelu Kasaka, mbunge wa Lupa, Chunya. Wakaitwa G55, na jina hilo likabaki. Kabla yao, Tume ya Jaji Francis Nyalali ilikuwa imekwisha kupendekeza serikali tatu. Hoja ya kina Kasaka ikakubaliwa Bungeni. Mwalimu Nyerere akaikataa waziwazi, akaandika kitabu, Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania, na ndani yake akawabana Waziri Mkuu John Malecela na Katibu Mkuu wa CCM Horace Kolimba, mtu wa Ludewa, wilaya ambayo wakati ule ilikuwa ndani ya mkoa wa Iringa. CCM ikarudi kwenye serikali mbili. Malecela akaondoka kwenye Uwaziri Mkuu mwishoni mwa mwaka 1994.

Mwalimu aliogopa kwamba Tanganyika ikipata serikali yake, ile kubwa itaimeza ya Muungano, na Muungano wenyewe utakufa. Hofu ile naiheshimu. Ila naona kosa moja limekaa nasi tangu siku zile: tukifika kwenye swali la wabunge, tunarukia swali la idadi ya serikali. Mtu akiuliza kwa nini Pemba inapiga kura juu ya maji ya Mbalizi, anajibiwa kwamba anataka kuvunja Muungano. Akishajibiwa hivyo ananyamaza, na swali linabaki pale lilipokuwa.

Tume ya Jaji Joseph Warioba haikunyamaza. Rasimu aliyoiwasilisha mbele ya Bunge Maalum la Katiba tarehe 18 Machi 2014 ilipunguza mambo ya Muungano kutoka 22 hadi saba, ikapendekeza serikali tatu, na Bunge dogo la Muungano la watu 75. Kila upande ungebaki na chombo chake kwa mambo yake. Mliyafuatilia yaliyotokea: Aprili ile wapinzani wa UKAWA wakatoka ukumbini, na tarehe 2 Oktoba 2014 ikapitishwa Katiba Inayopendekezwa yenye serikali mbili zilezile. Kura ya maoni iliyopangwa kufanyika Aprili 2015 haikufanyika. Lakini tukumbuke jinsi kura zile za Oktoba zilivyohesabiwa. Zilihesabiwa kwa pande. Theluthi mbili za Bara peke yake, theluthi mbili za Zanzibar peke yake. Hakuna aliyesema kuwatenganisha wajumbe kwa hesabu kutavunja nchi.

Sasa niwatendee haki wanaotetea hali ilivyo, kwa sababu wanayo hoja nzito, na mimi mwenyewe imenisumbua.

Rudini Bunge la mwaka 2005 hadi 2010. Kiongozi wa Kambi ya Upinzani alikuwa Hamad Rashid Mohamed wa CUF, mbunge wa Wawi, Pemba. Katika uchaguzi wa 2005 CUF ilipata majimbo 19, yote Zanzibar. Upinzani Bara, vyama vyote ukivijumlisha, ulipata majimbo saba. Maana yake ni kwamba kwa miaka mitano, serikali ilipoleta bajeti ya kilimo na ya afya na ya maji ya Bara, sehemu kubwa ya sauti za kuihoji zilitoka kwa watu wa Pemba. Sisi wa nyanda hizi tulikuwa tumejaza ukumbi kwa wabunge wa chama kimoja. Mpemba ndiye aliyekuwa akiuliza fedha zetu zimekwenda wapi. Laiti wangetolewa nje kila linapokuja la Bara, tungebaki na nani?

Na wako Wazanzibari waliotumikia wizara zisizo za Muungano. Profesa Makame Mbarawa alikuwa Waziri wa Maji kati ya mwaka 2018 na 2020. Dokta Hussein Mwinyi aliingia Bungeni mwaka 2000 kwa jimbo la Mkuranga, huku Bara, kisha 2005 akarudi kwa jimbo la Kwahani, Unguja. Akawa Waziri wa Afya, na leo ni Rais wa Zanzibar. Njia ya kwenda Mkuranga na kurudi Kwahani aliipita bila mtu kumzuia. Ni jambo jema, na nisingependa lipotee.

Wazanzibari wenyewe wana lao pia. Watakuambia: sisi ni milioni mbili kasoro kidogo ndani ya nchi ya watu zaidi ya milioni 61. Mkitupunguzia sauti Dodoma, mtatumeza. Wanayo sababu ya kuogopa. Lakini someni Ibara ya 98. Mambo makubwa yanayoilinda Zanzibar, kama kuwapo kwa Muungano wenyewe, madaraka ya Serikali ya Mapinduzi, orodha ya mambo ya Muungano, na hata idadi ya wabunge wa kutoka Zanzibar, hayabadilishwi bila theluthi mbili ya wabunge wa Bara na theluthi mbili ya wabunge wa Zanzibar, kila upande kwa hesabu yake. Wabunge wote 222 wa majimbo ya Bara wangekubaliana, bila theluthi mbili ya Zanzibar wasingefika popote. Hiyo ndiyo ngao yao, na mimi ningeitetea kwa nguvu zangu zote. Ngao hiyo haihitaji kura yao juu ya zahanati ya Busokelo.

Ninachokidai ni kidogo kuliko alichokidai Kasaka. Wabunge wa Zanzibar wabaki ukumbini. Wachangie kila hoja, wahoji kila waziri, kama Hamad Rashid alivyofanya. Wapige kura. Ila muswada au bajeti ya wizara isiyo ya Muungano isihesabike imepita mpaka ipate wingi wa mara mbili: wingi wa Bunge zima, na ndani yake wingi wa wabunge wa Bara. Hesabu ya pande tunayoitumia kulinda Zanzibar ifanye kazi na kwa huku.

Waingereza walilijaribu. Januari 2004 muswada wa kupandisha ada za vyuo vikuu vya England ulivuka hatua ya kusomwa mara ya pili katika Bunge lao kwa tofauti ya kura tano tu, wakati wabunge wengi wa Scotland, ambayo tayari ilikuwa na bunge lake na utaratibu wake wa ada, walipiga kura kuiunga mkono serikali. Wanafunzi wa England walilipa kwa kura za watu ambao watoto wao hawakuguswa. Mwaka 2015 wakaweka utaratibu kwamba sheria ya England pekee lazima ikubaliwe pia na wabunge wa England. Mwaka 2021 wakaufuta, wakilalamika kuwa unachosha na unachelewesha kazi. Nalikubali hilo la kuchosha. Lakini kwa miaka sita ile Scotland haikutoka nje kwa sababu ya hesabu ya kura.

Mtu mmoja ataniambia: mwandishi, nidhamu ya chama inaamua kila kitu, na kwa wingi walio nao CCM, kura zikihesabiwa mara moja au mara kumi matokeo ni yaleyale. Kwa leo ni kweli. Lakini utaratibu wa haki unawekwa wakati hakuna anayepoteza. Siku Bunge litakapogawanyika nusu kwa nusu, na ruzuku ya mbolea ikapita au ikaanguka kwa kura tano, tutakuwa tumechelewa. Siku ile mjadala hautakuwa wa kanuni, utakuwa wa Mpemba na Mhehe, na mimi siku hiyo siitaki.

Tena anayepoteza si mkulima wa Kilolo peke yake. Mwananchi wa Micheweni amemtuma mbunge wake Dodoma, na mbunge huyo anakaa miezi karibu mitatu ya Bunge la Bajeti, sehemu kubwa akisikiliza wizara ambazo hazijengi hata darasa moja kwao. Kisima cha Micheweni kiko mikononi mwa mwakilishi wa Chukwani. Mpigakura wa kule naye ana haki ya kuuliza mbunge wake anafanya nini huko.

Ndugu zangu wa Mbeya na Iringa, tuna wabunge 15 wa majimbo. Kabla ya Aprili watapita vijijini. Msiwaulize barabara tu. Waulizeni kama wako tayari kupeleka hoja binafsi ya kura za wizara zisizo za Muungano zihesabiwe kwa pande, na zipigwe kwa majina, ili tujue kila mmoja alisema nini juu ya mbolea yetu. Atakayesema ndiyo, mwandikeni jina. Atakayesema hapana, mpeni nafasi aeleze sababu mbele ya watu, naye mwandikeni.